Masomo na maisha ya watu: maneno kwa wanafunzi wetu, na kwa sisi tunaowalipia

Haya ni maneno aliyosema mmoja wa mama wanamemba wetu kwenye mkutano mkuu, kabla ya kujadili sanduku la masomo. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumeondoa marudio tu. Komite.

  

Komite waliniandikia barua niseme juu ya namna ya kupatanisha masomo na maisha ya kijamii kwenye chuo kikubwa cha biashara. Nilipoisoma nilicheka kidogo, juu nilijua inatoka wapi. Tuna vijana watatu tunaowalipia chuo. Mmoja amerudia mwaka. Na munajua maneno yanayozunguka sokoni, kwamba alikula pesa ya muungano kwa starehe. Sasa wakatafuta mama mmoja aliyefika chuo asimame hapa awakemee vijana: acheni starehe, someni.

Vijana nitawaambia. Lakini nimekaa na yule kijana siku mbili, tumepitia mwaka wake wote na kalamu mkononi, na yeye amenipa ruhusa kusema nilichokikuta. Kwa hiyo na nyinyi wazazi mutasikia kidogo. Musikasirike mapema, mungoje nimalize.

Kwanza nianze na mimi, ili musiseme huyu mama anahukumu wengine.

Nilisoma kwenye Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile wanaita UDBS, kuanzia 2014 hadi 2017. Shahada ya biashara, upande wa uhasibu. Chuo chenyewe kilianza 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, halafu mwaka 1979 wakafungua kitivo cha biashara na uongozi, na 2008 kitivo kikageuka shule ya biashara. Sisi tuliotoka Nyarugusu, darasa tulilolijua ni la mabanzi na mwalimu anayekujua wewe, baba yako, na zoni munayokaa. Pale Mlimani, kozi za mwaka wa kwanza zinachanganya watu wa uhasibu, wa fedha, wa masoko, wa benki, wote pamoja. Munaingia mamia kwenye ukumbi mmoja. Mwalimu anaongea na maiki. Ukikaa nyuma unaona kichwa chake tu, kama mbegu ya maharage.

Na anaongea Kiingereza. Sisi kambini tulisoma programu ya Congo, kwa Kifaransa, mpaka mtihani wa Serikali. Mimi nilikuwa nimesoma komersiale. Nilijua hesabu zangu! Kwetu mwanafunzi wa komersiale anajua namba za akaunti kama anavyojua majina ya ndugu zake: kasa ni 57, wateja ni 41, wanaotuuzia ni 40. Nikafika pale, mwalimu anaandika ubaoni jina la akaunti bila namba. Nikamuuliza msichana wa pembeni, "Namba yake ngapi?" Akaniangalia. "Namba ya nini?" Nikasema ya akaunti, wateja si ni 41? Yule msichana akacheka mpaka watu wa mbele wakageuka.

Siku ile nikaamua sitauliza mtu tena.

Mama yangu alikuwa ameniaga kambini na neno moja: "Hauendi kule kutafuta marafiki." Nikalishika kama Maandiko. Semesta nzima ya kwanza nilikuwa natoka hosteli za Mabibo asubuhi, napanda basi mpaka kampasi, naingia darasani, natoka, naingia maktaba, narudi, nalala. Wenzangu wa chumba wakienda kula pamoja mimi nakula peke yangu juu ya kitanda. Wakiniita kwenye diskasheni, ndivyo wanavyoita yale makundi ya kusoma pamoja, nasema nimechoka. Tukipewa kazi ya kundi, ninaomba sehemu yangu, ninaiandika peke yangu usiku, ninawapa karatasi, ninaondoka. Nilijiona mtakatifu. Nilikuwa nasema moyoni, hawa wanacheza, mimi ninasoma.

Matokeo yakatoka. Wale waliokuwa wanacheza wamepita. Mtakatifu amesapu masomo mawili, hesabu za biashara na takwimu. Kusapu ndiyo sawa na sesio ya pili ya kwetu: unarudia mtihani mwezi wa tisa, na hata ukifanya vizuri namna gani, alama yako haipiti C. Kosa lilikuwa langu, silipeleki kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimesoma saa nyingi kuliko wote chumbani mwetu.

Kumbe nilikuwa nasoma vibaya. Takwimu nilikuwa naikariri kwa Kiingereza ambacho sikielewi, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayekariri wimbo wa Kilatini. Hakuna mtu wa kunikatisha aseme, hapana, hapo umeelewa kinyume. Wale wenzangu walikuwa wanakaa watano chini ya mwembe, wanachukua pepa za miaka ya nyuma, mmoja anafanya swali, wengine wanamkosoa, wanagombana kwa Kiswahili, wanaandika kwa Kiingereza. Saa mbili zao zilikuwa na faida kuliko saa sita zangu. Na pale alama 40 kwa mia zinatoka kwenye testi na kazi za semesta, 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho. Kazi za semesta nyingi ni za makundi. Mtu asiye na watu anaanza mtihani akiwa tayari nyuma.

Aliyenitoa pale ni yule yule msichana aliyenicheka. Alikuja Mabibo likizo ikikaribia, akaniambia, "Wewe wa 41, kuna kitu sikielewi kwenye hesabu za kampuni, nasikia nyie mnajua sana." Nikamweleza. Nikamweleza kwa kutumia namba zangu, darasa la 1 ni mtaji, la 2 ni mali za kudumu, mpaka mwisho. Akasema kumbe ni rahisi hivi. Kesho yake akaleta wengine wawili. Wiki ya tatu mimi ndiye ninayewaeleza uhasibu, na wao wananieleza takwimu. Nikaanza kula nao. Nikajua ya kwamba baba yake mmoja wao ni mvuvi wa Mafia, mwingine analelewa na bibi, yule msichana mwenyewe hana chumba, amebebwa. Kubebana ni neno lao: mwenzako akikosa nafasi hosteli, munalala wawili kitanda kimoja. Mimi nilidhani niko peke yangu mwenye shida kwenye ukumbi ule.

Mwezi wa tisa nilipita sapu zote mbili.

Bon. Hapo ndipo watu wanapenda hadithi imalizike. Haikuisha. Mwaka wa pili nilianguka upande wa pili wa kitanda.

Nilikuwa nimegundua watu, sasa nikawakubalia wote. Na kuna kitu ambacho mwanafunzi wa biashara peke yake anakijua. Mtu akisikia unasoma uhasibu, anakupa daftari. Kwaya ya Wakongomani wakanifanya mhazini. Kikundi cha maombi cha chuo wakanifanya mhazini. Rafiki mmoja wa darasani dada yake anaolewa, na munajua harusi za Dar es Salaam, kuna michango, kuna vikao, kuna kichenipati, kuna sendofu: nikawekwa mhazini msaidizi wa kamati, mimi ambaye bi harusi mwenyewe sijamwona kwa macho! Daftari tatu. Mazoezi ya kwaya jioni tatu kwa juma. Kikao cha harusi kila Jumapili. Na starehe pia ilikuwapo, sitawadanganya mbele ya watoto wangu. Mlimani City iko pale pale kwenye ardhi ya chuo, nilikwenda kuangalia sinema kwa mara ya kwanza maishani, nikarudi tena mara ya pili na ya tatu. Coco Beach tulikwenda. Kulikuwa na kijana pia, sitasema zaidi, mume wangu amekaa pale.

Lakini nikipiga hesabu ya kweli, sinema na pwani havikunila. Kilichonila ni kazi za heshima. Mtu akikuita ulevi ni rahisi kusema hapana, hata mchungaji atakupongeza. Mtu akikuita msibani utasema nini? Tulikuwa Wakongomani wachache, kila kilio ni cha kwetu. Nilikuwa nakesha Jumatano Temeke, Alhamisi asubuhi nina testi.

Halafu simu. Hapa wazazi musikilize. Mwanafunzi mwenye ufadhili akipokea pesa ya kujikimu, kambi nzima inajua. Nilikuwa napigiwa kila jioni. Mtoto wa shangazi anaumwa. Baba mdogo amekamatwa nje ya kambi bila kibali. Binamu anataka mtaji wa kuuza ndagala. Wote wana haki, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo. Lakini simu ya saa mbili usiku ya mtoto anayeumwa inakuondolea usiku wote. Unafungua kitabu, macho yanasoma, moyo uko Nyarugusu. Mwisho wa mwaka wa pili GPA yangu ilikuwa 2.7 kwa 5. Ningeshuka kidogo tena ningeingia daraja la kupita tu, na kwa cheti cha namna ile sijui nani angenipa kazi ya kushika pesa yake.

Sasa nilifanya nini? Nilifanya kitu cha uhasibu. Nilichukua karatasi nikaandika juma lote kama kitabu cha kasa. Juma lina saa 168, tajiri na maskini wanapata sawa. Nikatoa za kulala, saba kila usiku, 49. Darasa na semina, 20. Kusoma, mwenyewe na pamoja na kundi, 30. Basi la Mabibo kwenda na kurudi, 10. Kupika, kufua, kuoga, ibada, 21. Nikajumlisha, 130. Zinabaki 38.

Nikashangaa. Saa 38 ni nyingi! Mtu mwenye saa 38 hawezi kusema hana nafasi ya watu. Halafu nikaandika upande wa matumizi yale niliyokuwa nafanya kweli: kwaya, vikao, daftari, vilio, simu, sinema. Ikatoka 61. Nilikuwa na deni la saa 23 kila juma, na nilikuwa nalilipa kwa kuiba kwenye usingizi na kwenye kusoma.

Nikarudisha daftari mbili. Ile ya harusi walinuna, wakasema Mkongomani amejivuna. Ile ya kikundi cha maombi walielewa. Nikabaki na kwaya, lakini nikawaambia mapema, mbele ya wote, si kwa simu: wiki tatu kabla ya mitihani na wiki za mitihani mimi sipo, daftari atashika fulani. Kundi la kusoma tukaliweka Jumanne na Alhamisi, watu watano, tukakataa wa sita. Ninawaambia vijana, kundi la watu kumi na wawili si kundi, ni mkutano wa kijiji. Wawili wanafanya, kumi wanapiga picha ya jibu. Na Jumapili mchana nikaacha wazi kabisa, sikuandika kitu. Hiyo ndiyo siku nilifahamu mji, nilipika sombe na wenzangu wa chumba, wao wanaiita kisamvu na wanaitia nazi, si mbaya.

Simu ndiyo ilikuwa ngumu. Sikuweza kumwambia mama asinipigie. Nikafanya hivi. Nikapiga picha ya kalenda ya semesta, nikaituma kwenye simu ya jirani. Mama hajui kusoma. Mtoto wa jirani akaiandika upya kwenye karatasi kubwa, siku za testi akazipiga duara jekundu, wakaibandika kwenye mlango. Kila asubuhi yule mtoto anafuta siku moja. Basi mtu akija kwa mama na shida, "Mama fulani, tumpigie binti," mama anamwonyesha mlango. "Leo ni wapi?" "Ni hapa." "Mtihani uko wapi?" "Uko pale, siku tisa." "Basi shida yako ingoje siku tisa, au njoo tuione sisi wenyewe." Na nyingi waliiona wenyewe! Mtoto wa shangazi alipelekwa kwenye kituo cha afya, akapona, mimi nikasikia baadaye. Mama yule yule aliyesema sikwenda kutafuta marafiki ndiye aliyekuwa mlinzi wangu kwa miezi 12.

Nilimaliza na 3.2. Daraja la pili la chini. Si alama ya kutangaza kanisani, lakini imenilisha mpaka leo. Niliondoka wakati wamefungua tu mabweni mapya ndani ya kampasi, Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, na mwaka uliofuata wakafungua maktaba kubwa mpya. Mimi huwa naondoka mahali wakati kitu kizuri kinafika. Lakini wale watano wa chini ya mwembe bado tunaongea kila mwezi. Mmoja yuko kwenye benki, na mwaka ule muungano wetu ulipotaka kufungua akaunti kule ng'ambo kwa ajili ya wenzetu waliobaki, yeye ndiye aliyetuambia karatasi gani zinahitajika. Ile shule ya biashara haikunifundisha biashara darasani tu.

Sasa nifike kwa kijana wetu.

Sitataja jina wala chuo, ingawa wote munajua. Yuko mwaka wa pili, gestion, oditwari yao ina watu wengi kama ule ukumbi wangu. Mwaka jana kwenye mkutano kama huu, sisi wenyewe, tulisimama tukapiga makofi tukamchagua awe mwakilishi wa muungano kule mjini. Mukumbuke. Mimi pia nilipiga makofi. Tulisema, kijana wetu yuko kule, atatusaidia.

Amesaidia. Tulihesabu naye, kwenye simu yake ujumbe wote upo. Kati ya Januari na Mei alilala hospitali usiku 19, analinda wagonjwa wetu, juu familia iko huku na hospitali kubwa iko kule. Alipokea watu bandarini na kwenye stendi mara 14. Alikwenda vilio saba kwa niaba ya muungano, na kule kulia si saa moja, munajua matanga yetu. Watu wanne wa hapa walilala chumbani mwake kwa nyakati tofauti, mmoja wiki tano. Na hiki chumba ni kile tunacholipia sisi. Tunalipa chumba ili asome, halafu tunakijaza.

Siku moja mtihani wa takwimu, tena takwimu, ilikuwa saa mbili asubuhi. Usiku ule alikuwa kwenye kitanda cha mgonjwa wa familia moja ambayo leo imekaa kwenye mkutano huu. Ile familia wamelia nilipowaambia, kwa sababu hawakujua. Hakuwaambia. Angesemaje? Tunamlipia.

Hayo ni ya upande mmoja. Upande wa pili, nilimwuliza, una kundi la kusoma? Akasema alikuwa nalo, aliliacha mwezi wa tatu. Kwa nini? Kwa sababu kila juma wanachanga fotokopi, wanachanga unite za kutafuta vitu kwenye intaneti, wanakunywa chai na mandazi. Ni franga kidogo tu. Aliandika kwa komite kuomba. Jibu ninalo hapa, limeandikwa vizuri sana: "Sanduku la masomo ni la minervale, vitabu na nyumba tu, haliingii kwenye mambo ya starehe." Akaona haya kunywa chai ya wenzake kila siku. Akaacha kwenda. Akaanza kusoma peke yake usiku, kama mtakatifu wa Mabibo.

Ndiyo starehe yake hiyo wazee wangu. Chai ambayo hakuinywa.

Simlaumu aliyeandika ile barua. Alifuata statuti zetu, na statuti tulizipitisha sote, tukiogopa wafadhili wataona tunachezea pesa. Wageni wetu, ninasema mbele yenu ili musikie hesabu yenyewe. Mwaka aliorudia kijana huyu umegharimu sanduku dola 640, minervale na nyumba pamoja. Tukimpa kila mwanafunzi dola 10 kwa mwezi za kundi, fotokopi, unite na chai, wanafunzi watatu, miezi 10, ni dola 300 kwa mwaka. Risiti za chai sitaki mutuombe, hakuna mama wa mandazi anayeandika risiti. Mutuombe matokeo ya semesta na mutuombe majina ya watu wa kundi lake. Mwanafunzi asiye na majina matatu ya kunitajia, huyo ndiye nitakayemwogopea.

Kuna mzee mmoja aliniambia jana, binti yangu, sisi tulisaidiana kambini bila kuhesabu saa, sasa wewe umeleta mahesabu ya wazungu. Mzee, nakuheshimu, na nimelifikiria neno lako usiku. Kweli, Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 na watu kuletwa Nyarugusu, hakuna aliyehesabu saa, kila nyumba ilipokea. Lakini kambini tulikuwa wengi kwa kila mgonjwa. Leo akilazwa, Baba fulani. Kesho Mama fulani. Hata kwenye likelemba yetu kila mtu anatoa kwa zamu, hatumwambii mmoja atoe kila juma mpaka amalizike. Kule mjini zamu yote tumeiweka kwa mtoto mmoja wa miaka 22.

Vijana, na nyinyi. Mukinisikia hivi musiende mukasema Mama amesema tunywe chai. Mwenzenu hakuanguka kwa ulevi, lakini wako walioanguka kwa ulevi, niliwaona, wengine walikuwa na akili kunipita mara mbili. Dola 10 haziingizi bia nyingi, nimehesabu hilo pia. Na kosa moja la mwenzenu amelikubali mwenyewe mbele yangu: alinyamaza. Aliogopa kutuambia hapana, na aliogopa zaidi kutuambia ameanguka, mpaka tukasikia kwa watu wa pikipiki. Mtu akikuita hospitali usiku wa mtihani, unasema "kesho nina mtihani saa mbili", maneno matano. Kama tutakasirika, tutakasirika sisi, wewe utakuwa umelala.

Ninachoomba kwa mkutano ni mambo matatu, na prezida ataweka kwenye kura baada ya chakula. Tubadilishe ile sentensi ya statuti, dola 10 ziingie. Tumtoe kijana kwenye uwakilishi leo leo, na wanamemba wakubwa wanaoishi kule mjini, tunao sita, wagawane zamu za hospitali. Nimeshaongea nao, wanne wamekubali, mmoja anafikiri, mmoja hakupokea simu. Na mtu yeyote wa kwetu asilale kwenye chumba cha mwanafunzi zaidi ya siku mbili, hata akiwa mzee wa kanisa.

Kura ya kumkata kijana ufadhili, ile iliyokuwa kwenye ajenda, mimi nitaipinga. Mutakaoinua mkono mujue munamkata kwa usiku 19 ambazo tulimtuma sisi.

Kalenda ya mitihani yao watatu nimeiandika kwenye karatasi kubwa, sekretari anazo kopi pale mezani, duara jekundu ziko. Kila familia ichukue moja na kuibandika mlangoni. Mtihani wa kwanza wa kijana wetu ni Jumatatu ya wiki ijayo. Mama wa yule mgonjwa anataka kumpigia simu kumwomba msamaha. Nimemwambia angoje mpaka Jumatano, akimaliza takwimu.